Riviu: besiboli Camden Yards siku ya mvua, msikimbilie magari

Ndugu zetu tunaoishi nao huku Maryland wananiuliza sana hili swali, ukinunua tiketi ya besiboli alafu mvua ikashuka hela yako ndo imeenda? Jibu fupi ni inategemea, jibu refu ndo hili naandika, na naanza kabisa kwa kusema kwamba zile dakika mia moja za mvua tulizokaa Camden Yards, uwanja wa Baltimore Orioles, mwezi wa sita ndo nilizozipenda kuliko mechi yenyewe. Nimeshaenda uwanja ule mara nyingi tu, lakini siku ile ndo nilielewa kumbe kuna kazi nzito kiasi gani inafanyika wakati sisi tunadhani hakuna kinachoendelea.

Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na moja, na mpwa wangu mtoto wa dada yangu wa Tanga, ambaye huu ni msimu wake wa pili anafanya kibarua kwenye uwanja wa timu moja ya ligi za chini, siyo hii ya Baltimore, na kazi yake ndo hiyohiyo, majani, udongo na turubai. Kwahiyo nilikuwa na mwalimu pembeni yangu, na mengi nitakayowaambia hapa ni yeye kanionyesha kwa kidole huku yanatokea.

Tiketi tulinunua dola 24 kila mmoja, siti za ghorofa ya chini lakini safu za nyuma, na hapo ndo ushauri wangu wa kwanza. Safu za nyuma za chini pale ghorofa ya juu inakuja kuzifunika kama baraza, mvua ikinyesha hutikisiki. Wale waliolipa zaidi wakakaa karibu na wachezaji ndo waliokuwa wa kwanza kukimbia. Siku ambayo wingu lipo chukua za nyuma, utanishukuru.

Sasa mume wangu mpaka leo haelewi kwanini mchezo unasimama. Anasema mbona kwa Mkapa watu wanapiga mpira kwenye mvua mpaka maji yanaruka na mashabiki ndo wanazidi kuimba. Ni kweli, ila huu ni mchezo wa aina nyingine. Yule mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo na anarusha kitu kigumu kama jiwe kwa kasi inayofika kilomita 150 kwa saa, na anayerushiwa yuko mita 18 tu mbele yake. Mpira ukiloa unamponyoka mkononi, ukimpata mtu usoni ni balaa, na yeye mwenyewe mguu wa kutua ukiteleza kwenye tope goti lake linaenda na kazi yake inaenda. Alafu ule udongo wanaokimbilia ni mchanganyiko wa mchanga, mfinyanzi na vumbi laini, wanaupima kama mpishi anavyopima unga, na wanaumwagilia kila siku wenyewe ili uwe na unyevu unaotakiwa. Maji kidogo ndo uhai wake, yakizidi unakuwa uji, na ukishakuwa uji hakuna mechi tena usiku huo.

Kwahiyo vita yote ni kuwahi kuufunika kabla haujaloa. Siyo baada, kabla. Hii mimi nilikuwa sijui.

Mechi ilianza saa moja na dakika tano jioni, anga safi kabisa, upande wa lile jengo refu la matofali mekundu jua bado linawaka. Kufika iningi ya tatu (iningi ni ile awamu, kila timu inapata zamu yake ya kupiga, na zinatakiwa tisa) mpwa wangu akanigusa begani.

"Mamdogo, waangalie wale jamaa kwenye ukuta."

Nikaangalia, naona vijana wamevaa kaptula wamejipanga pembeni ya lile bomba kubwa ambalo turubai linaviringishwa, wengine wamelikalia, wanapiga stori.

"Si wamepumzika tu?"

"Hawajapumzika. Bosi wao ameshaona kitu kwenye rada, mvua haiko mbali. Subiri."

Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu, kumbe kule dalili ni wale vijana, maana mawingu yalikuwa hayajafika lakini wao walishafika. Mkuu wa uwanja kazi yake kubwa siku za hivi ni kuangalia rada na kuongea na watabiri wa hali ya hewa, alafu anawapelekea waamuzi taarifa, itaanza muda gani, ni nene kiasi gani, ina radi au haina, nyuma yake kuna nyingine. Yeye hasimamishi mechi. Kabla ya mechi kuanza mwenye uamuzi wa kuanza au kutoanza ni timu mwenyeji, lakini makocha wakishapeana zile karatasi za majina ya wachezaji, mamlaka yanahamia kwa mwamuzi mkuu, na kuanzia hapo hata mwenye timu akipiga kelele haisaidii.

Saa mbili na dakika ishirini hivi yakaanza matone makubwa, yale yanayoanguka moja moja na kuacha alama. Mwamuzi akanyoosha mikono juu, wachezaji wakageuka wanatembea tu kuelekea ndani, na wale vijana wakatoka mbio. Jamani. Niliwahi kuiona kwenye TV lakini TV inaenda kwenye matangazo, hamuoni. Turubai la kawaida la viwanja vya ligi kuu ni kama mita 52 kwa 52, yaani ukilitandaza mtaani kwetu Ngamiani linafunika nyumba kadhaa na vibaraza vyake, na uzito wake likiwa kavu ni zaidi ya nusu tani. Wanalisukuma kwanza na bomba lake mpaka kwenye nafasi, linafunguka kama mkeka, alafu wanashika ncha wanakimbia nalo kinyumenyume na kimbelembele, mmoja anapiga kelele za kuongoza kama nahodha, na upepo unaingia chini linavimba kama tanga la jahazi. Mpwa wangu alikuwa amesimama, mikono yake inajifunga na kujifungua kama na yeye kashika.

Akaniambia kitu cha kwanza walichofundishwa siku ya kwanza kazini, usijiviringishie turubai mkononi hata siku moja. Upepo ukilinyanyua wewe achia, maana likienda juu na wewe unaenda juu, na likirudi likakufunika na maji yameshajaa juu yake hupumui, wenzako waje wakutoe. Mwaka jana yeye liliwahi kumburuta, ana kovu kwenye kiwiko, alinionyesha, na mama yake hajui mpaka leo kwahiyo dada kama unasoma hapa samahani.

Na hatari yake siyo kwa vibarua peke yao. Tarehe 13 Oktoba 1985 pale St. Louis, Vince Coleman wa Cardinals, kijana aliyekuwa ameiba beisi 110 kwenye msimu wake wa kwanza kabisa (beisi ni vile vituo wanavyokimbilia, kuiba ni kuwahi kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzako apige), mtu mwenye kasi kuliko wote kwenye timu, alikuwa anafanya mazoezi kabla ya mechi na turubai la pale lilikuwa linajiviringisha lenyewe kwa mota. Likamkamata mguu. Hakucheza tena mpaka msimu unaisha, na timu yake ikaenda fainali bila yeye ikafungwa na Kansas City kwenye mechi ya saba (fainali huku ni mfululizo wa mechi, anayewahi kushinda nne ndo bingwa).

Wale wa Baltimore walimaliza kama dakika mbili tu. Watu kwenye siti walipiga makofi, mimi nikasimama kabisa nikapiga makofi kwa nguvu maana hiyo ndo huduma niliyolipia na hakuna aliyeandika jina lao kwenye skrini. Ukitaka kujua thamani ya zile dakika mbili kumbuka Wrigley Field, Chicago, Agosti 2014, Cubs na Giants. Mvua ilinyesha robo saa tu, lakini ilikuja ghafla na turubai likawashinda, likakaa upande, udongo ukaloa. Walihangaika zaidi ya saa nne na nusu kuukausha mpaka usiku wa manane, wakashindwa, mechi ikatangazwa imekwisha na Cubs wameshinda 2 kwa 0. Giants wakakata rufaa na wakashinda rufaa, kitu kilichokuwa hakijatokea ligi kuu tangu 1986, mechi ikabidi iendelezwe siku nyingine. Mvua ya robo saa hiyo.

Basi sisi tukabaki tumekaa, nusu ya watu wanaelekea kwenye magari, na mimi nikafungua mfuko wa chakula. Hii ni sifa kubwa sana ya uwanja huu, wanaruhusu uingie na chakula chako na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa, kwahiyo nilikuwa na sambusa na chapati za kuviringisha, na ndo siku mtaona thamani yake, maana mvua ikisimamisha mechi watu elfu wanaenda kwenye kaunta kwa wakati mmoja. Mume wangu yeye alitaka nyama ya Boog's pale Eutaw Street, akapanga foleni dakika arobaini. Nyama nzuri, ina moshi wa kweli, sikatai, lakini ukitaka nyama ile nunua mapema kabla ya mechi, siyo mvua ikinyesha.

Binti yangu akauliza swali ambalo nadhani kila mtu analo, wachezaji wanafanya nini kule ndani? Mpwa wangu anasema kwenye ligi yao chini ni karata, simu, wengine wanalala sakafuni wameweka glavu kichwani. Ligi kuu ni hivyohivyo ila na chakula kizuri zaidi na makochi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hapumziki, ni yule mrushaji aliyekuwa anacheza. Mkono wake umepata moto na unaanza kupoa, kila dakika inayopita kocha anaangalia saa. Ikiwa ni dakika ishirini au thelathini anavaa jaketi, anaenda kurusha rusha kwenye nyavu za ndani ili asipoe, anarudi. Ikifika saa nzima mara nyingi ndo basi, hawamrudishi, hawataki kuhatarisha bega la mtu kwa ajili ya mechi moja. Kwahiyo mvua inaweza kumwondoa mtu aliyekuwa anatawala mechi bila hata kufungwa, na kocha anaanza kupiga hesabu upya za wale warushaji wa akiba, nani alirusha jana, nani anahitajika kesho. Ukirudi kwenye siti mvua imeisha unakuta mechi nyingine kabisa.

Na hapa lazima niwaambie ile ya 2016 maana naipenda sana. Fainali, mechi ya saba, Cleveland, Novemba. Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908, wakaongoza, alafu iningi ya nane Rajai Davis wa Cleveland akapiga mpira ukavuka ukuta wa nje, hapo unapata pointi, ikawa sare 6 kwa 6, na Aroldis Chapman, mrushaji wa Cubs aliyefungwa pale, alivunjika moyo mpaka machozi. Iningi ya tisa ikaisha sare, mvua ikashuka. Dakika 17 tu. Jason Heyward wa Cubs, ambaye mwaka ule kupiga kulikuwa kumemkataa kabisa, akawaita wenzake kwenye chumba kidogo cha kunyanyulia vyuma, bila kocha, akawaambia wao ndo timu bora na wakumbuke walivyofika pale, na wengine wakaanza kuongea. Walitoka mle, Kyle Schwarber akaanza, Ben Zobrist akapiga ule wa kuongoza, wakashinda 8 kwa 7. Chumba cha vyuma, dakika 17, miaka 108. Binti yangu alinifanya nimsimulie mara mbili.

Sasa upande wa taarifa kwa mashabiki, hapa Camden walijitahidi. Waliandika kwenye skrini kwamba mechi imesimama, radi ilipoanza wakatuambia tusogee ndani kwenye korido, wafanyakazi wazee wale wenye fulana walikuwa wanazunguka wanaongea na watu kwa upole, mmoja alimpa binti yangu taulo ya karatasi akafutie siti. Ila hata wao hawatuambii kinachojadiliwa, na nadhani wangeweza. Mwamuzi akishasimamisha mechi haruhusiwi kuivunja mpaka dakika 30 zipite, na baada ya hapo anaweza kusubiri kadiri anavyoona kuna matumaini. Ndo pale unakuta wanasubiri mpaka saa saba usiku na wewe hujui kwanini. Mpwa wangu anasema angalia ratiba, kama wageni hawarudi tena mji huu msimu huu watasubiri sana, maana kuipanga tena ile mechi ni ndege, hoteli, siku za mapumziko za watu zinaliwa. Kama wapo mpaka kesho ni rahisi zaidi kuivunja na kucheza mbili siku moja. Rekodi ya kusubiri ni ya Chicago, Agosti 1990, White Sox na Texas, watu walisubiri kwa muda wa saa 7 na dakika 23 na mechi haikuanza kabisa.

Na hapa ndo swali la hela. Mechi inahesabika kamili ikifika iningi tano, au nne na nusu kama mwenyeji anaongoza. Ikishafika hapo mvua ikaimaliza, matokeo yanabaki na tiketi yako imetumika, hudai kitu. Kabla ya hapo zamani ilikuwa inafutwa inaanza upya, ila mwaka 2020 ligi kuu ikaanza kuziendeleza kutoka pale zilipoishia. Mechi za mwisho wa msimu, zile za kutafuta bingwa, zenyewe hazikatwi tena, na hiyo ilitokana na Philadelphia 2008, mechi ya tano ya fainali, walicheza kwenye mvua mpaka beisi hazionekani, ikasimamishwa iningi ya sita ikiwa 2 kwa 2 Jumatatu usiku na ikamaliziwa Jumatano. Sisi siku ile tulikuwa iningi ya nne, kwahiyo nilikuwa naomba Mungu ichezwe mpaka mwisho au isifike tano kabisa, sitaki ya katikati, ile ya kuvunjwa ikiwa imeshapita tano.

Maana mwaka juzi nilikuwa uwanja mwingine, sitautaja, mji mwingine, tulikaa saa mbili na nusu na watoto hakuna aliyesema neno, skrini imezimwa, kaunta zinafungwa moja moja, tukajua mechi imevunjwa pale tulipoona taa zinapungua. Walikuwa wameshafika iningi ya sita kwahiyo sheria ipo upande wao, na mimi sheria siipingi. Ninachokataa ni kutuweka pale na watoto wamelala kwenye siti za plastiki wakati watu wa ndani wameshajua. Kama una wageni kutoka nyumbani wamekuja mara moja, chagua mji wenye uwanja wa paa la kufunga, Milwaukee, Toronto, Houston, Seattle, kule hakuna mchezo huu. Lakini mtakosa nilichokiona mimi.

Mvua ilikatika saa tatu na nusu usiku. Nikadhani wataanza. Wapi. Kwanza maji juu ya turubai, ni maelfu ya lita yamekaa kama bwawa, wanalivuta kwa upande na kulikunja ili yamwagike kule kwenye majani ya nje ambako chini kuna mchanga na mabomba ya kuyapeleka, siyo kwenye udongo. Wakikosea kidogo tu bwawa lote linaingia pale walipokuwa wanapalinda. Alafu wakaja na mifuko, wanamwaga punje za udongo uliochomwa, zile zinanyonya maji kama sponji, wanazichanganya kwa reki, mmoja yuko magotini kwenye kichuguu cha mrushaji anakandamiza mfinyanzi kwa mkono, polepole, kama mtu anayefinyanga chungu. Wengine wanachora mistari meupe upya. Warushaji wameshatoka wanapasha moto, maana hata uwanja ukiwa tayari wao wanahitaji muda wao. Mkuu wa uwanja akatembea peke yake mpaka beisi ya pili, akakanyaga, akachimba na kisigino, akainama akaangalia, akaenda kwa mwamuzi. Uwanja mzima kimya. Mwamuzi akaitikia kwa kichwa.

Saa nne kamili mpira ukarushwa. Timu zote zilikuwa na mrushaji mpya.

Tulibaki labda watu elfu sita, wakaturuhusu kushuka karibu, tukakaa safu ambayo siku nyingine siwezi kuilipia, unasikia mpaka wachezaji wanavyoitana. Uwanja, usafi, wafanyakazi, nawapa nyota tano. Foleni ya chakula nyota mbili. Taarifa nyota tatu. Wale vijana wa turubai sina nyota za kutosha.

Mechi iliisha saa tano na nusu usiku. Wakati tunapanda ngazi kutoka, wakaanza kulivuta turubai tena, maana rada ilikuwa inaonyesha nyingine saa tisa usiku. Mpwa wangu akasimama kwenye ngazi watu wanampita, anawahesabu kwa kidole, kumi na nane. Akasema mwanzo walikuwa ishirini. Akanipa mfuko wa chapati nishike, akabaki anaangalia mpaka ncha ya mwisho ikakaa chini.